Nilinyoa siku nne nikiwa na mafua, ndo nikajua sabuni za kunyolea za mafundi zinatuuzia nini

Mzee wa Povu (mwanzisha uzi)

Wakuu habari za muda huu. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite tu hakuna ugomvi.

Mi ni mgonjwa wa sabuni za kunyolea, nakiri. Kabatini nina makopo 19. Kumi na nne ni ya hawa mafundi wadogo wanaopika wenyewe sufuria moja moja, Barrister and Mann, Stirling, Declaration Grooming, Martin de Candre ya Ufaransa na wenzao. Matano yaliyobaki ni ya kiwandani: Proraso ya kijani, Proraso nyeupe, Cella, kijiti cha Arko na tyubu ya Palmolive. Miaka mitatu nimekua nikihubiri kwamba ukishanyoa na sabuni ya fundi hurudi tena kwenye ya kiwandani. Nina shemeji yangu mmoja nilimchosha mpaka ikafika hatua akiniona nimeshika kopo anakumbuka ana simu ya kupiga nje.

Sasa mwezi uliopita nikashikwa na mafua. Yale ya pua kuziba kabisa, kitunguu unakikata chini ya pua na husikii kitu. Asubuhi nikafungua kopo ninalolipenda kuliko yote, nikapiga povu kama kawaida, nikapaka, nikanyoa. Aisee. Ilikua sabuni tu. Povu zuri ndiyo, wembe unateleza ndiyo, ila ile raha ya kila siku haipo, yaani nilikua natoa ndevu basi. Kesho yake nikachukua Arko, hii ambayo watu wanasema inanuka kama dawa ya kusafishia choo (na hawajakosea sana, ina ulimau fulani mkali wa kimchaichai), nikanyoa nayo. Sabuni tu. Nikakaa pale ukingoni mwa beseni na taulo begani nikajiuliza, hivi mi miaka yote hii nanunua sabuni au nanunua manukato?

Nikaona nafasi kama hii haiji mara mbili, pua imekufa, ngoja niwape mtihani. Nikamwita shemeji. Kazi yake ilikua kupima gramu moja ya sabuni kwa kile kimizani kidogo, kuikandamiza chini ya bakuli mpaka isijulikane ilikua ngumu au laini, bakuli mbili zinazofanana, moja A moja B, alafu anaandika siri kwenye karatasi anaikunja anaweka mfukoni. Povu napiga mwenyewe, brashi mbili pacha za nyuzi za plastiki. Shavu la kushoto A, la kulia B. Wembe mpya kila siku, mashine ileile ya chuma ya wembe mmoja. Kila siku fundi dhidi ya kiwanda.

Siku ya 1 sikuona tofauti yoyote. Nilipapasa mashavu mpaka nikachoka, nikamwambia shemeji sijui.

Siku ya 2 nikasema bila kusita B ni ya fundi, ina utelezi zaidi, wembe unapita kama upo kwenye mafuta, A imekaa kikavu. Shemeji akafungua karatasi akaniambia B ni Cella. Cella jamani, sabuni ya Milano ya tangu 1899, ya kiwandani. Roho iliniuma.

Siku ya 3 nikapatia, lakini sio wakati wa kunyoa. Nilipatia dakika kumi baada ya kusuuza. Shavu la kulia lilikua laini halivutiki, la kushoto nilikua naliskia linakaza kila nikicheka. La kulia ndo lilikua la fundi.

Siku ya 4 nikapatia ndani ya nusu dakika, maana upande mmoja povu lilianza kutoboka matundu kabla sijamaliza shavu. Ilikua ile krimu ya tyubu. Ila hapa nijishitaki mwenyewe, krimu inataka kupigwa tofauti na sabuni na mi niliilazimisha maji yaleyale.

Kwahiyo msimamo wangu mpya ni huu: wakati wembe upo usoni, sabuni nzuri ya kiwandani na nzuri ya fundi zinakaribiana mno. Fundi anashinda kwenye harufu, na kwenye hali ya ngozi baadae. Hayo mengine tunajazana maneno. Karibuni mnipige mawe.

kidevu_safi

Mkuu umenichekesha hapo kwa shemeji na simu 😂

Ila swali, sisi wa povu la kopo la kubonyeza tunaingia wapi humu? Mi Gillette nabonyeza pshhh napaka nanyoa naenda zangu kazini, dakika nne. Hayo mambo ya brashi na bakuli si ni kujitafutia kazi?

Mzee wa Povu

Karibu sana mdogo wangu. Sikulaumu, ila ujue unachopaka. Povu la kopo nalo ndani yake kuna sabuni, ila ya majimaji, imebebwa na gesi kama isobutani na propani. Ukibonyeza gesi inapanuka na kuiumua sabuni hapohapo. Kwahiyo sehemu kubwa ya kile kidonge cheupe mkononi ni gesi. Linaonekana nene kumbe ndani tupu, na maji ya kulainisha ndevu ni haba.

Ile jeli ya kopo ndo ina akili zaidi. Edge walipoitoa 1970 ilikua kitu kipya kabisa, inatoka ni jeli alafu inageuka povu ukiisugua. Siri yake ni isopentani, inachemka kwenye nyuzi 28 hivi, na ngozi yako ni ya moto kuliko hapo, kwahiyo uso wako wenyewe ndo unaichemsha.

Alafu usidhani sisi wa brashi ndo wa zamani na nyie ndo wa kisasa. Barbasol ilianza 1919 kama krimu isiyohitaji brashi, huyo aliyeibuni, Frank Shields, alikua mwalimu chuo cha MIT huko Marekani, na wazo lake lilikua hilohilo lako, mtu anyoe haraka aende zake.

Mpika Sabuni

Kaka mimi napika sabuni za kunyolea, kidogo kidogo, kwahiyo nina maslahi hapa sitaficha. Mtihani wako nauheshimu ila umepita haraka kwenye swali lenyewe, kwanini siku ya 3 ngozi ilikua laini.

Sabuni ya kunyolea sio sabuni ya kuogea iliyotiwa kwenye kopo. Ya kuogea inapikwa kwa magadi makali ya sodiamu, inatoka ngumu. Ya kunyolea inataka ya potasiamu kwa wingi, maana sabuni ya potasiamu ni laini na inalowana haraka, na inataka asidi ya steariki nyingi, hiyo ndo inashikilia povu lisianguke. Mafuta ya nazi yanaleta mapovu chapchap, karibu nusu yake ni asidi ya lauriki, ila ukizidisha yanakausha uso. Mafuta ya mnyonyo, hayo ya mbarika, yanasaidia utelezi. Mafuta ya ng'ombe yana steariki na palmitiki ya kutosha ndo maana watu wa zamani waliyapenda.

Sasa steariki ikiwa peke yake haiyeyuki mpaka ifike nyuzi 69 hivi. Unaiyeyusha kwanza, alafu ukimimina yale maji ya potasi haikupi nafasi ya kupumua, inaganda hapohapo inakua nzito kama udongo wa mfinyanzi na mwiko unasimama wenyewe. Mi mkono unaniuma mpaka begani siku ya kupika. Mtu akiniambia sabuni ya fundi na ya kiwanda ni kitu kimoja huwa namkaribisha aje akoroge.

Turudi kwenye ngozi. Sisi wengi tunapunguza magadi makusudi, asilimia kama 3 mpaka 5 ya mafuta yanabaki mafuta, hayageuki sabuni. Hayo ndo yalikua kwenye shavu lako la kulia. Bidhaa ambayo lazima ikae rafuni muda mrefu sana bila kubadilika mtengenezaji anaogopa kuiachia mafuta mengi hivo, yanachacha.

Mzee wa Povu

Hapo kwenye kuchacha umenigusa kidonda mkuu. Nina kopo moja la fundi fulani (simtaji, alinirudishia hela), nililiweka kabatini kama mali ya urithi. Baada ya mwaka na miezi nikalifungua, juu kuna madoa ya rangi ya chungwa kama kutu, na chini ya ile harufu nzuri ya msandali kuna harufu nyingine ya mafuta yaliyokaangiwa wiki tatu. Arko yangu ina umri mkubwa kuliko hilo kopo na ipo vilevile, inanuka vibaya kama siku ya kwanza.

Mpika Sabuni

😂😂 Madoa hayo tunayajua, ni adui yetu sote. Viwandani wanatia BHT na EDTA, BHT inazuia mafuta kuchacha, EDTA inakamata vyuma vinavyoharakisha huo uozo. Mafundi wengine siku hizi tunatia pia, wateja wakisoma wanakuja juu kwamba tumeweka kemikali. Kwani potasi ni nini?

Fundi Magumu

Naomba nidakie hapo kwenye EDTA maana ndo iliyoniokoa. Maji ninayotumia ni magumu, yamejaa kalisi. Nilinunua sabuni ya fundi inayosifiwa dunia nzima, nikapiga povu dakika tano napata kitu kama maziwa yaliyokatika, na kwenye bakuli imebaki mikunjo ya kijivu. Nikajua nimeuziwa mbovu. Siku moja nipo safari nikanyoa na maji ya chupa kwasababu bomba lilikatika, povu likafura mpaka nikaogopa.

Ni hivi, kalisi na magnesi kwenye maji zinaishika sabuni kabla haijageuka povu, inabaki ule utando unaouona kwenye beseni. Sabuni yenye EDTA inazikamata kwanza. Kwahiyo kwenye maji yangu krimu ya kiwandani ya bei ya chini ilikua inaipiga hiyo sabuni ya kifahari kila siku ya Mungu. Sa hivi natumia maji yaliyochujwa kwa ajili ya povu tu, nusu glasi inatosha, na hiyo sabuni nimeisamehe.

kidevu_safi

Sasa mbona mnanitamanisha. Nimenunua Proraso ya kijani ya kopo na brashi. Nimejaribu leo asubuhi. Povu lilikua zito zuri kama lile la matangazo, nikapaka, afu wembe ukawa unakwamakwama na povu limekauka masikioni kabla sijafika shingoni. Nimekosea wapi wakuu?

Mzee wa Povu

Maji dogo, maji. Kila mtu anaanzia hapo. Povu la kwenye matangazo limetengenezwa lipendeze kwenye picha, lile linalonyoa vizuri halina sura nzuri, ni jororo linang'aa kidogo kama mtindi, na ukilivuta kwa vidole viwili linateleza halishiki.

Fanya hivi kesho. Chukua sabuni kiasi cha harage, iweke bakulini. Brashi ilowane alafu ikung'ute. Anza kuzungusha bila kutia maji mpaka upate uji mzito unaonata. Hapo sasa tia nusu kijiko cha chai cha maji, zungusha, tia tena, zungusha. Mi gramu moja huwa inakunywa vijiko viwili na nusu vya chai, hiyo ni kama mililita 12, na watu wanashangaa kwasababu vijiko vya mwanzo viwili unaona bado nene. Kuna mahali lile povu la matundu linageuka ghafla linakua kama rangi ya mafuta iliyokorogwa vizuri, brashi inatoa mlio mwingine. Ukiuskia huo mlio simama. Ukipitiliza litakua majimaji, ongeza sabuni kidogo.

Na uso ulowe dakika mbili tatu kabla. Kinacholainisha ndevu ni maji, sabuni inayashikilia tu pale yasikauke.

Bin Wembe

Assalam aleikum ndugu zangu. Mi naomba mnisaidie kwenye suala la mafuta ya mnyama. Haya ya ng'ombe sina tatizo nayo, ya nguruwe sitaki. Nitajuaje?

Mpika Sabuni

Waaleikum salaam. Soma orodha ya viambato nyuma. Jina lenye tallow ni mafuta ya ng'ombe au kondoo, lenye lard ni nguruwe. Ya pili ni nadra kwenye sabuni za kunyolea ila ipo kwa mafundi wachache. Fundi ukimuuliza kwa ujumbe anakujibu mwenyewe, hiyo ni faida moja ya kununua kwa mtu mnayeandikiana. Na brashi usisahau kaka, zile za nywele ngumu nyingi ni za nguruwe, chukua ya plastiki uwe na amani.

kifua_mbele

Mi sikubaliani na uzi mzima. Nina vipele vya ndevu tangu nina miaka 17, nimebadilisha Proraso, Palmolive, jeli zote, nilipohamia kwa fundi vipele vikaisha. Sasa mniambie ni harufu ndo ilitibu?

Mzee wa Povu

Mkuu sikupingi kwamba viliisha, ila nikuulize, ulipohamia kwa fundi ulibadilisha sabuni peke yake?

kifua_mbele

Na mashine. Nilitoka ya nyembe tano nikaenda ya wembe mmoja. Kwani vipi?

Mzee wa Povu

Basi hapo ndo penyewe. Nywele ya kujikunja ikikatwa chini sana inazama ndani ya ngozi, ikianza kuota inajikunja na kuchoma njia yake yenyewe, mwili unaiona kama mwiba unavimba. Mashine ya nyembe nyingi wembe wa kwanza unauinua unywele na wa pili unaukata chini ya usawa wa ngozi, ndo kazi waliyoutengenezea. Wembe mmoja unaukata palepale juu. Ukinyoa kufuata uelekeo wa ndevu na usiivute ngozi, hata na Arko vipele vitapungua. Jaribu wiki mbili na ile Proraso yako ya zamani, tena kama ipo ile nyeupe ndo nzuri haina ile mentoli na mkaratusi wa kijani, uje utupe majibu.

Fundi Magumu

Hamjagusa suala la kuisha. Sabuni ngumu kama D.R. Harris au Tabac zinapitishwa kwenye rola mara tatu, maji na hewa vinabanwa vinatoka, ile sabuni ukiigonga mezani inalia kama jiwe. Mafundi wengi hawana hizo rola, kwahiyo yao ni laini, ina maji zaidi, brashi inachota nyingi kila asubuhi. Kopo la fundi mi linaniisha miezi mitatu, Tabac nilisahau niliinunua lini.

Mpika Sabuni

Kweli, ila laini sio dalili ya ufundi, Cella nayo ni laini na ni kiwanda. Huo mstari mnaouchora kati ya fundi na kiwanda sioni unapita wapi hasa. Kuna mafundi wananunua sabuni ya msingi iliyokwishapikwa, wanaiyeyusha, wanatia harufu, wanabandika picha ya ng'ombe. Na kuna viwanda vinapika kwa masufuria kama ya babu.

Alafu tofauti kubwa ya kweli ambayo hakuna aliyeisema ni mabadiliko. Fundi anachezea mapishi kila mwaka. Barrister and Mann wameshakua na msingi wa sabuni unaoitwa Excelsior, wakaja na Omnibus, msingi tofauti jina la harufu lilelile. Ukipenda kopo moja hakuna uhakika la pili litakua hilohilo. Viwandani nao wanabadilisha ila huwa ni sheria imewasukuma. Ulaya walipopiga marufuku Lilial Machi 2022, kile kiungo cha harufu ya maua, kila mwenye nacho ilibidi akaandike upya harufu yake, mkubwa kwa mdogo. Mi nilitupa chupa nzima.

kidevu_safi

Wakuu mrejesho!! Vijiko viwili na nusu. Mlio nimeuskia kabisa yaani. Nimenyoa mpaka nikarudia shavu ambalo lilikua limeshaisha. Nimechelewa kazini ila.

Shemeji Mtu

Nimefungua akaunti kwa ajili ya huu uzi tu.

Mi ndo yule wa bakuli na karatasi. Shemeji heshima yako ipo palepale ila kuna kitu siku ile sikukwambia. Siku ya 2 nilichelewa kuamka, kopo la fundi nikalitafuta kabatini kwako sikuliona kati ya yale 19, na we ulikua unaita kutoka bafuni maji yanapoa. Nikaweka Cella bakuli zote mbili. Ulivouliza B ni nini nikakujibu ukweli, B ilikua Cella. Kuhusu A hukuniuliza.

kifua_mbele

"A imekaa kikavu" 😂😂😂😂

Mpika Sabuni

Nimeweka mwiko chini. Siwezi kukoroga leo.

Mzee wa Povu

Shemeji. Njoo nyumbani Jumamosi, uje na mizani. Tunaanza upya, na safari hii makopo nayapanga mwenyewe kwa herufi.

Shemeji Mtu

Jumamosi nina simu ya kupiga.